Mashine ya kidole skulini: inajua nani kaja, haijui nani kasomesha

Mashine ya kusaini kwa alama ya kidole inafaa kununuliwa kwa jambo moja: inaua mchezo wa kusainiana. Mstari mwekundu anaoupiga mwalimu mkuu kwenye daftari la mahudhurio saa ya kuingia ikipita haukuwahi kuumaliza. Mengine yote yanategemea aliyekaa ofisini.

Usajili huchukua kama dakika mbili kwa mtu. Sajili vidole viwili, kimoja kila mkono, maana hina au piko nzito kwenye ncha huweza kuifanya isisome, na msimu wa harusi ndipo malalamiko yanapoanza. Adui mwengine ni vumbi la chaki. Kioo kifutwe kila siku kwa kitambaa laini kikavu. Mafundi hupenda kuifunga barazani karibu na mlango. Huko jua la asubuhi hukipiga kioo, na kwa skuli za pwani upepo wa chumvi huila tundu ya flashi. Ifungwe ndani.

Ulizia betri ya akiba kabla ya kulipa. Mara nyingi haimo kwenye bei. Umeme ukikatika kumbukumbu hazipotei, lakini betri ndogo ya saa ikichoka, mashine hurudi mwaka 2000 na siku nzima inaandikwa upuuzi.

Kwenye skuli za mikondo miwili, asubuhi na mchana, kosa hujirudia: inawekwa ratiba moja. Mwalimu wa mchana anaingia saa sita, ripoti inasema kachelewa kwa muda wa saa tano. Ijumaa na Ramadhani nazo zinataka ratiba zao. Ripoti ya namna hiyo ikibandikwa ubaoni kabla ya kukaguliwa, mwalimu mkuu amejivunjia heshima mwenyewe, na walimu hawataiamini tena hata ikisema kweli.

Tatizo kubwa si la mashine. Mwalimu mwenye vipindi 24 kwa wiki, akichelewa dakika 10 kila kipindi, hupoteza dakika 240. Hivyo ni vipindi sita vya dakika 40, na kwenye mashine mahudhurio yake ni kamili! Kidole kipo, mwenyewe yuko chini ya mwembe. Dawa ni daftari la vipindi analoshika monita wa darasa: somo, mada, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini. Mwalimu mkuu msaidizi alipitie kila siku, si mwisho wa mwezi wakati hakuna anayekumbuka kitu.

Halafu namba zisomwe kwa akili. Mwalimu anayevuka kwa chombo kwenda kisiwa cha Kojani, Pemba, hachelewi kwa uvivu; mwondolee kipindi cha kwanza uone. Anayechelewa Jumatatu tu aitwe faragha, aulizwe. Palipo na mwalimu mkuu anayeingia darasani dakika 15, akakaa nyuma, akazungumza na mwalimu siku hiyo hiyo juu ya somo, mashine huwa msaada mzuri. Palipo na mwalimu mkuu wa barua za onyo tu, walimu husaini kwa wakati, wakakaa ofisini kusubiri saa ya kutoka.

Nyota tatu kati ya tano. Na mwalimu mkuu naye asajiliwe kidole, jina lake liwe la kwanza kwenye ripoti.