Bamba la Peltier kwenye kamera ya nyota: uzoefu wangu Lamu

Bamba hili la kupoza kwa umeme, aina ya TEC1-12706, ninalo tangu kaskazi ilipoanza kuvuma. Nawaandikia wenzangu wa pwani, maana maelezo mengi niliyoyasoma ni ya watu wa nchi za baridi, na shida yao si yetu.

Kamera ni kuukuu, nimeinunua kwa mpiga picha wa harusi. Usiku wa nyuzi 28, picha ya sekunde 30 ilikuwa ikijaa vidoti vyekundu na vya buluu ambavyo si nyota. Hilo ni joto la sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Sensa ikipoa kwa nyuzi 6 hivi, uchafu ule hupungua kwa nusu; ikipoa 6 tena, nusu ya nusu. Basi nikaifungua kamera, nikapitisha kipande cha shaba kutoka nyuma ya sensa hadi kwenye bamba.

Bamba lina sentimita 4 kwa 4. Ukilitia umeme wa volti 12, uso mmoja hupoa na wa pili hupata moto. La kwanza niliunguza kwa sekunde chache kwa kulijaribu bila hitisinki, kile kipande cha chuma cha kutolea joto. Msifanye hivyo hata mara moja. La pili nimelibana kwenye hitisinki na feni ya kompyuta ya mezani, nikapaka krimu ya prosesa, ile ya kupitisha joto, nyembamba pande zote mbili. Sensa ilishuka hadi nyuzi 4. Kwa kupoza, nimeridhika kabisa.

Kilichonitesa ni maji. Hewa yetu imejaa unyevu wa bahari, na chochote kilichopoa hutoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu. Usiku wa kwanza sensa iliingia ukungu, picha zote zikawa maziwa, na alfajiri nikakuta tone limekaa juu ya sakiti. Moyo ulinienda mbio. Sasa sensa na shaba vimo ndani ya kisanduku nilichokiziba kwa silikoni, pamoja na zile chembechembe za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Kila jioni nazikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu, moto mdogo. Na nikimaliza kazi, sifungui kisanduku mpaka kimerudi joto la kawaida. Asiyekuwa tayari kuziba vizuri, asinunue bamba.

Umeme linakula, karibu ampea 4. Betri ya pikipiki haidumu hata muda wa saa 2. Mimi natumia ya sola.

Juzi nilipanda darini, nikaielekeza kamera kwenye Kilimia, lile kundi la nyota. Asubuhi nikamwonyesha picha kwenye simu ami, ambaye ameendesha jahazi miaka mingi.

"Kilimia ni nyota sita, mwanangu. Hizi ni nyingi."

"Ni hichohicho, ami. Kwenye picha zangu za zamani hizi nyingine zilikuwa zimefunikwa na vidoti."

Akaishika simu, akazihesabu kwa kidole.