OpenSSH: kwa nini seva inakataa ufunguo ulio sahihi

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunaichambua OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Zaidi ya hapo sielezi, nyie mnaitumia kila siku. Nakwenda moja kwa moja kwenye kitu kimoja ndani yake ninachokipenda, na bado kinaniudhi: StrictModes, mpangilio wa seva unaokagua ruhusa na mmiliki wa faili zako kabla ya kukubali ufunguo.

Tazameni skrini. Ufunguo ni sahihi, jina sahihi, seva iko hewani. Nabonyeza Enter... `Permission denied (publickey)`. Basi, imeishia hapo! Naongeza `-v` ili inieleze zaidi, inaniambia ufunguo umepelekwa, umekataliwa. Sababu? Hakuna. Hapa ndipo watu wanaanza kutengeneza funguo mpya, nazo zinakataliwa vilevile, maana ufunguo hauna kosa lolote.

Sababu iko kwenye logi ya seva. Hili dirisha la pili nilikuwa nimeshaingia, na sijalifunga. Na wewe usifunge lako hadi uhakikishe jipya linaingia. Napiga `sudo journalctl -u ssh -n 20`. Kwenye Rocky Linux na ndugu zake andika `sshd` badala ya `ssh`. Huu hapa mstari:

`Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/juma`

Umeona? Imetaja folda yenyewe! Siyo `.ssh`, ni folda ya nyumbani. Ila logi hutaja kosa moja kwa wakati, ukirekebisha hili linaibuka lingine. Kwa hiyo piga hii:

`namei -l /home/juma/.ssh/authorized_keys`

Njia nzima inajipanga hatua kwa hatua: ruhusa, mmiliki, kikundi. Tazama mstari wa juma: `drwxrwxrwx`. Mtu amepiga `chmod 777`, yaani kila mtu anaweza kuandika humo.

Kanuni ni hii. Kuanzia `authorized_keys`, faili ya funguo zinazoruhusiwa, hadi folda ya nyumbani, kila hatua iwe mali ya mtumiaji huyo au root (msimamizi mkuu), na kikundi na wengine wasiwe na `w`, ruhusa ya kuandika. Kwa nini? Anayeweza kuandika kwenye folda yako ya nyumbani anaweza kuibadilisha jina `.ssh`, akaweka yake yenye ufunguo wake, akaingia kwa jina lako. Kinachoangaliwa ni kuandika. Kwa hiyo 755 kwenye folda inapita, hata `authorized_keys` yenye 644 inapita, maana wengine hawawezi kuandika. Wanaosema bila 600, yaani mmiliki pekee asome na kuandika, seva inakataa wanawapoteza. Na Ubuntu husamehe 775, ambapo kikundi kinaweza kuandika, kama kikundi hicho kina mtu mmoja tu, wewe. Ukihamia Rocky, ruhusa zilezile zinakufungia nje.

Dawa:

`chmod go-w /home/juma`
`chmod 700 /home/juma/.ssh`
`chmod 600 /home/juma/.ssh/authorized_keys`

Kama faili iliundwa kwa `sudo`, ongeza `sudo chown -R juma: /home/juma/.ssh`. Seva huisoma kwa ruhusa za juma. Ikiwa ni ya root na ina 600, haisomeki. Haya, najaribu tena... tumeingia!

Tafadhali, msiweke `StrictModes no`. Mnamwondoa mlinzi kwa watumiaji wote wa mashine.

Upande wa kompyuta yako mambo ni makali zaidi: ufunguo wa siri ukisomeka tu na wengine, unapata `UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE!`. Hapo weka 600. Kwenye WSL (Linux ndani ya Windows), ufunguo ukiwa ndani ya `/mnt/c`, yaani diski ya Windows, `chmod` kwa kawaida haishiki. Unakili kwanza kwenye `~/.ssh` ya Linux. PuTTY, programu nyingine ya SSH, haikuulizi haya kwa faili zake za ufunguo za ppk, na wengi wanaipendea hilo. Mimi alama nawapa OpenSSH. Dropbear, seva ndogo ya SSH ya kwenye ruta, nayo hukagua ruhusa.

Bei? Bure, tangu OpenBSD walipoitoa 1999. Ningelipia kabisa wangeniongezea neno moja tu la maelezo kwenye huo ujumbe wa kukataliwa.

Ruhusa ziko sawa na bado unakataliwa kwenye Rocky? Piga `restorecon -Rv ~/.ssh`, hiyo ni SELinux, ulinzi mwingine wa Linux. Video ijayo ni yake nzima, bonyezeni kengele.