Uzoefu wangu na tovuti za kupima umbali wa ndege (Dar – Mwanza)

Jamani hizi tovuti za kupima umbali na muda wa ndege mimi nazitumia na nazipenda, ila kuna kitu natamani ningekijua kabla sijamsafirisha mama.

Mama ana kisukari cha kuchoma sindano, akishachoma lazima ale, kwa hiyo muda kwetu sio wa kukisia. Alikuwa anatoka Dar kwenda Mwanza kwa dada, nikaingia tovuti moja nikaandika miji miwili ikaniletea kilomita 850 na kitu, saa moja na dakika 34. Nikaona hii rahisi, atakunywa chai nyumbani, chakula cha maana akale kwa dada.

Kumbe ile ni hesabu tu. Wanachukua mstari ulionyooka juu ya ramani, wanagawa kwa spidi ya jeti kama kilomita 800 kwa saa, wanaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Sasa mama alipanda pangaboi, ndege ya mapanga, zile aina ya Q400, ambazo spidi yake ni kama 650 hivi, kwa hiyo ukipiga hesabu hiyohiyo inakaribia saa moja na dakika 50. Halafu weka foleni ya kwenda eapoti, kufika masaa mawili kabla, kusubiri begi, na gari mpaka kwa dada. Kutoka mlangoni kwetu mpaka anakaa mezani yalipita masaa sita na ushee, na kilichomwokoa ni mayai ya kuchemsha na ndizi ambazo mke wangu alimwekea kwenye mkoba dakika za mwisho, namshukuru sana kwa hilo.

Kingine angalia kipimo. Dada aliangalia kwake akaona 530 akamwambia mama "ni kilomita 530 tu", kumbe zile ni maili, maili moja ni kilomita 1.6. Zingine zinakuletea maili za baharini, hapo inasoma 460. Safari ni hiyohiyo moja!

Na usichukue namba hiyo ukapangia safari ya basi, kwa barabara unapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100.

Inayonifaa mimi sasa hivi ni tovuti ya Great Circle Mapper, unaandika DAR-MWZ (vifupisho vya viwanja vya ndege vya Dar na Mwanza) unaona mstari wenyewe na umbali, muda naupiga mwenyewe baada ya kuangalia kwenye tiketi ni ndege aina gani. Nazipa nyota 4, hiyo moja nimeipunguza kwa sababu ile tovuti ya kwanza haikuandika popote kwamba imekadiria kwa jeti, na mtu mwenye mgonjwa anahitaji kujua hilo.

Mama anarudi mwezi ujao, nimeshamwambia dada amfungie chakula cha masaa saba.