Eastland Mall ya Columbus, Ohio: uzoefu wangu, nyota tano na najua imeshafungwa

Najua mtu atasema we mama unatoaje maoni ya moli ambayo haipo, milango imefungwa toka mwisho wa 2022, sasa mteja akishakusoma aende wapi. Sawa. Lakini mi nimeishi upande wa mashariki wa Columbus miaka mingi, wanangu wamekulia pale, na kila nikishika simu naona watu wanazisifia moli mpya za hapa Columbus, wanaisifia Easton, wanaisifia Polaris, wanasifia kuagiza vitu mtandaoni, ila hii ya kwetu wakiitaja ni kwa picha za maduka matupu na muziki wa huzuni juu yake basi imeisha. Hainipendezi kabisa. Mi nilikuwa mteja, hela yangu imeingia pale, na nina haki ya kusema nilichopata. Nyota tano.

Kwa wasioijua, Eastland ilikuwa kwenye kona ya Hamilton Road na Refugee Road, ukishuka barabara kuu ya I-70 unafika sasa hivi. Ilifunguliwa 1968. Zilikuwa tatu jamani, Northland ya 1964, hii yetu, halafu Westland 1969, yani kila upande wa jiji na moli yake. Duka mama lilikuwa Lazarus, duka la watu wa Columbus wenyewe toka 1851, kulikuwa na Sears na JCPenney pia, halafu katikati ndo vijiduka, viatu, hereni, saa, simu, manukato. Nilivyofika mimi jina la Lazarus lilikuwa bado juu ukutani, jina la kampuni ya Macy's lilikuja baadaye, na 2005 hilo la zamani likafutwa moja kwa moja. Wenyeji wazee hawakukubali, walikuwa wanasema tu naenda Lazarus, mpaka na sisi tuliotoka Tanga tukawa tunasema Lazarus.

Kitu cha kwanza tulinunua pale ni makoti ya baridi. Mwenyeji wetu, kijana wa Kikongo aliyetutangulia, alitupeleka Januari, na mtu asiyewahi kukaa Ohio Januari hawezi kuelewa ile hali ya kutoka kwenye gari upepo unakukata masikio halafu unasukuma mlango wa kioo unakuta joto, taa, muziki, harufu ya mdalasini na siagi inatoka sehemu ya vyakula, watu wanatembea taratibu na hakuna anayekuuliza unatafuta nini hapa. Hilo la kutoulizwa ndo nalipa nyota mbili nzima peke yake. Ofisi zote tulizokuwa tunaingia enzi hizo tulikuwa tunaulizwa, karatasi iko wapi, jina linaandikwaje, ulizaliwa mwezi gani. Moli ulikuwa unaingia tu. Una dola mia unaingia, huna hata senti unaingia vilevile, unakaa kwenye benchi karibu na maua ya plastiki unapumzisha miguu, wanao wanazunguka mpaka wachoke, mnarudi nyumbani. Sisi watu wa pwani tuna baraza, unakaa nje ya nyumba unaona watu wanaopita unasalimiwa unasalimia, na kule kwenye theluji baraza letu lilikuwa pale.

Nataka niseme kuhusu studio ya picha maana naona hakuna anayeikumbuka. Maduka mengi ya Sears yalikuwa na studio ndani, unaweka miadi, unawavalisha watoto, unapeleka. Mpigapicha wetu alikuwa dada mmoja mnene mwenye sauti ndogo, alikuwa na bata wa manjano wa mpira anambana anapiga kelele ili mtoto acheke, na nyuma kulikuwa na mapazia ya kuvuta kama unachagua kitambaa, moja la majani ya vuli mekundu, moja la kijivu, moja la Krismasi lina dirisha la uongo na theluji. Nilichagua la majani. Mwanangu mkubwa kavaa shati jeupe na tai ya klipu tuliyonunua ghorofa ileile dakika chache kabla, mdogo kakataa kuvua jaketi hata kwa kubembelezwa, basi akapigwa nalo. Zinakuja kwenye karatasi moja kubwa, moja ya kutundika na nyingine ndogondogo za kukata na mkasi, nilizikata usiku mezani nikatia kwenye bahasha, Tanga, Muheza, Mombasa kwa shangazi. Ile ya Tanga bado iko sebuleni kwa kaka, imepauka kidogo upande wa dirishani. Kampuni iliyokuwa inaendesha zile studio ilifunga zote kwa mpigo 2013, nchi nzima, na toka hapo sina picha ya wanangu wote pamoja iliyo kwenye karatasi. Ziko kwenye simu, maelfu, na hakuna hata moja ukutani.

Halafu mama yangu. Alikuja kukaa na sisi, daktari kamwambia atembee kila siku kwa sababu ya sukari, sasa atembee wapi wakati nje barafu na yeye hajawahi kuvaa kiatu kizito maisha yake yote, kashinda ndani siku nzima anaangalia paking. Jirani ndo akanambia mpeleke moli asubuhi, wanafungua milango mapema kabla ya maduka, wazee wanazunguka. Kweli nikakuta wazee wa kizungu na weusi wa hapa wanazunguka kwa mstari, raba nyeupe, mikono inarushwa, wengine wawiliwawili wanapiga stori, maduka yameshushwa nyavu za chuma taa nusu. Mama akaingia kwenye mstari na kanga zake na soksi za sufu. Kizungu hana, lakini haikupita wiki ana shoga, bibi mmoja mwenye kifundo cha goti kilichofanyiwa oparesheni, alimuonesha na kovu kabisa, alipandisha suruali pale mbele ya duka la miwani mama akainama akaliangalia vizuri akampa pole kwa Kiswahili. Walitembea pamoja majira yote ya baridi. Mama alimpa kanga, sasa yule bibi hakujua inavaliwaje, akaizungusha shingoni juu ya koti, kila asubuhi anakuja nayo, na mama kila asubuhi anafurahi upya. Sukari ilishuka. Daktari alishangaa, mi sikushangaa.

Sasa kufa kwa moli yenyewe. Watu wote wanakwambia intaneti, intaneti imeua, ndo jibu rahisi na mi silikubali lote. Northland ilifungwa 2002. Nani alikuwa ananunua viatu mtandaoni 2002 hapa kwetu? Kilichotokea ni kwamba Easton ilifunguliwa 1999, Polaris 2001, maduka yaleyale yakahamia huko kwa wenye hela, na wateja hawakuongezeka, ni walewale wamegawanywa. Hata ile ya katikati ya jiji, City Center, iliyofunguliwa 1989 kwa kishindo, 2009 imefungwa, sasa hivi pale ni bustani. Columbus ndo alikoanzia yule tajiri wa maduka ya nguo ya The Limited, mji wa biashara ya nguo huu, walijenga na kujenga na kujenga. Halafu ndo intaneti ikaja kumalizia, halafu madeni, Sears ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika Oktoba 2018, na moli ikishapoteza duka kubwa vijiduka vya katikati haviponi, mtu alikuwa anakuja kununua friji ndo anapita anamnunulia mtoto hereni, friji halipo tena, hereni atanunua nani.

Ilikufa polepole ndo maana iliuma. Nyavu za chuma zikawa hazipandishwi tena mchana. Duka la viatu likawa la kesi za simu, la kesi za simu likawa tupu. Nakumbuka bwana mmoja wa duka la saa, alikuwa anabadilisha betri kwa dola chache na kukusafishia saa bure, alibaki mpaka mwisho mwisho huko, peke yake kwenye ule ushoroba mzima, na kila nikienda alikuwa anasimama kunipokea hata kama sinunui. Baadaye jiji likawapeleka wenye jengo mahakamani, na 2022 ikaisha pamoja na moli.

Nimesoma kidogo juu ya aliyeanzisha mambo haya ya moli za ndani, Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, ndo alichora Southdale kule Edina karibu na Minneapolis, ikafunguliwa 1956, katikati kaweka uwanja wa ndani una miti na ndege kwenye tundu kubwa. Yeye alitaka pembeni kuwe na nyumba, shule, hospitali, watu watembee kwa miguu kama miji ya kwao. Wenye hela wakachukua moli wakaacha hayo mengine, wakazungushia paking, na mzee wa watu alikuja kuzichukia kabisa moli za namna hiyo. Namwelewa. Lakini pia namwambia, hapo alipo, kwamba hata hiyo nusu waliyotuachia ilitutosha sana sisi.

Na sijui kama mmeangalia kilichokuja baada ya hizo moli. Hapahapa Ohio, Randall Park karibu na Cleveland, ilifunguliwa 1976 ikiwa kati ya moli kubwa kabisa duniani, wameibomoa, toka 2018 ni ghala la Amazon. Rolling Acres ya Akron hivyohivyo, ghala la Amazon. Sidharau ghala, ndugu zetu wengi sana wanakula kutokana na maghala, mpwa wangu yuko shifti ya usiku kwenye ghala moja na analipa kodi ya nyumba vizuri. Nachosema ni kwamba bidhaa zimebaki, koti utalipata, tena bei poa na linaletwa mlangoni, ila mama yangu hawezi kwenda kutembea ndani ya ghala. Hakuna benchi kule. Huwezi kumpeleka mtoto Jumamosi ghala akatazame watu.

Wanaoniambia nihamie Easton, nimeenda, pazuri sana na pasafi, ila pamejengwa kama mtaa, unatoka duka hili unaingia lile kwa kupita nje, kwahiyo Februari mzee humpeleki. Kinachonikumbusha Eastland kwelikweli ni moli ndogo za Wasomali upande wa kaskazini, maeneo ya Morse Road na Cleveland Avenue, jirani na ilipokuwa Northland. Columbus ndo ya pili Marekani kwa Wasomali baada ya Minneapolis, na wengi walipitia Nairobi au Mombasa, Kiswahili kinapanda. Unaingia kuna fundi cherehani, mashungi, dhahabu, udi, mahali pa kutuma hela, chai ya maziwa na sambusa za moto, na wazee wamekaa wanabishana siasa kutwa nzima hakuna anayewafukuza. Majengo yenyewe ya kawaida tu, taa za tyubu, na paking Ijumaa ni vita. Lakini watu wapo.

Kwa mwenye mzazi anayekuja huku kipindi cha baridi, ushauri wangu ni huu. Moli za Polaris na Tuttle bado zina paa, piga simu uulize kama wanaruhusu wazee kutembea asubuhi na mlango gani unafunguliwa, usimpeleke kwanza ukamsimamisha nje. Ikishindikana kuna vituo vya jamii vya jiji, vingine vina uwanja wa ndani, na maktaba pia ni joto na viti vipo na hakuna anayekuuliza umenunua nini. Mnunulie raba zenye soli ya kushika, zisizoteleza, na soksi za sufu mbilimbili. Na mtafutie mwenzie wa kutembea naye siku hiyohiyo ya kwanza, usisubiri, nenda wewe ukamsalimie mtu kwa niaba yake hata kama unaona haya.