TAHADHARI: Land Rover "zilizofufuliwa" zinazouzwa Tanga, rangi mpya juu, chasisi imeoza chini

Wana Tanga, na nyinyi wa Dar na Arusha mnaokuja huku kutafuta Land Rover za zamani zilizotumika kwenye mashamba ya mkonge, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna muuzaji hapa mjini ana Land Rover za Series III zilizopigwa rangi upya. Anasema kazifufua kuanzia chini, na kwamba chasisi ni mpya, ya galvanaizi (chuma kilichopakwa zinki kisishike kutu), imeagizwa Uingereza. Si kweli. Moja imeletwa gerejini kwetu, nimeifungua kwa mikono yangu, na nilichokikuta kinaweza kuua mtu.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu wa Muheza. Kainunua kwa hela ya kiinua mgongo. Alikuja analalamika kwamba akikanyaga breki gari inavuta kushoto, na akipakia mzigo mlango wa dereva haufungi vizuri. Kwa macho gari inapendeza kweli: kijani imekaa, viti vimeshonwa upya, injini inawaka mara moja. Nikaipiga jeki chini ya chasisi, katikati. Mlango ukabana palepale. Fundi yeyote akiona hivyo ameshajua kuwa chasisi inapinda.

Chini kote kumepakwa lami nyeusi nzito, kwenye kona bado inanata. Nikachukua bisibisi nikakwangua karibu na mahali springi ya nyuma inapofungwa. Bisibisi ikazama hadi mpini, wala sikutumia nguvu. Nilipoichomoa ikatoka na katani. Katani hii hii yetu ya mkonge, imelowekwa gundi ya faiba na kusindiliwa ndani ya chasisi, juu yake puti ya kuzibia mashimo, juu ya puti lami. Upande wa pili wamechomelea bati la pipa juu ya kutu bila kukata palipooza. Nikagonga kwa nyundo ndogo, bati likaachia lote na kutu ikamwagika chini kama ukoko wa wali.

"Fundi, hiyo ndiyo chasisi mpya?" mzee akaniuliza. Nikamwambia, mzee wangu, hapa hakuna chasisi mpya, na hii ya zamani nayo haipo.

Ni rahisi kudanganywa na gari hizi kwa sababu ya zilivyoundwa. Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Mtindo huo ukaendelea hadi Series III, iliyotoka 1971 na kukoma 1985. Alumini haishiki kutu nyekundu. Kwa hiyo juu gari inabaki imenyooka miaka hamsini, huku chasisi ya chuma inaliwa kimya kimya. Chasisi yenyewe ni boksi lenye uwazi ndani. Matope na maji ya chumvi yakiingia hayatoki, na hewa yetu ya baharini haisaidii kitu. Kutu inaanzia ndani kuja nje. Ukiiona nje ujue ndani kumekwisha zamani.

Basi nendeni na sumaku. Ndogo tu, hata ile ya spika mbovu. Kwenye madigadi za mbele na paa isishike. Ikishika, kuna mtu kabandika bati la kawaida. Kwenye chasisi na kwenye ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva lazima ishike, tena kwa nguvu. Ikiteleza, hapo pana puti au faiba. Pitisheni sana kwenye boriti ya nyuma kabisa, kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, na mahali springi zinapofungwa. Huko ndiko kunakooza kwanza. Inueni na mkeka wa miguuni.

Chasisi ya galvanaizi inajulikana kwa macho. Ni ya kijivu, ndani na nje, hata kwenye matundu ya kutolea maji. Mtu aliyetumia hela kuagiza chasisi ya namna hiyo ana kila sababu ya kukuonyesha ile kijivu. Huyu muuzaji kaifunika yote kwa lami, halafu ukimwomba uikwangue kidogo anakuwa mkali, anasema utamharibia gari.

Jingine la kuangalia ni namba. Kwa Series III nyingi namba ya chasisi imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na mahali springi ya mbele inapofungwa. Ilinganisheni na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye gari ya mwalimu pale pamesagwa kwa grenda. Sasa akienda TRA kuhamisha umiliki na wakataka kuiona namba, atawaonyesha nini? Atakuwa na gari asiyoweza kuithibitisha kuwa ni yake.

Namna anavyouza ni ile ile kwa wote niliozungumza nao. Anakuita jioni, giza linaingia. Gari imeegeshwa kwenye mchanga au majani ili usiweze kuingia chini. Hataki fundi wako, ana fundi wake. Anakwambia kuna mteja wa Nairobi anakuja kesho asubuhi, kwa hiyo utume malipo ya awali kwa simu usiku huo huo. Tena anaongea vizuri, kwa adabu, mwanangu na mzee wangu nyingi.

Linaloniuma mimi kama fundi ni kwamba chasisi iliyooza inatengenezeka. Unakata hadi ufike chuma kizima, unaweka kipande cha unene ule ule, unachomelea pande zote, ukimaliza unapuliza nta ndani ya boksi isirudie. Ni kazi ya muda na ya gharama, lakini gari inarudi barabarani. Katani na gundi havibebi springi. Kwenye gari hizi hata sehemu ya mfumo wa usukani imekaa ndani ya boriti ya mbele ya chasisi. Boriti ikioza, usukani unalegea. Mfikirie mtu anashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo na gari ya hivyo, kona zile, familia nyuma.

Ikiwa umeshanunua kwake, usipande nayo milimani na usipakie mzigo mpaka fundi unayemwamini aingie chini na nyundo. Usiipeleke kwa fundi aliyekuelekeza yeye. Tunza hati ya mauziano, meseji na risiti za muamala wa simu. Mwalimu ameshafungua jalada polisi. Mwingine mwenye gari ya muuzaji huyu aende na vielelezo vyake aandikishe maelezo, maana jalada la mtu mmoja muuzaji anaendelea kulijibu kuwa mzee kaiharibu gari mwenyewe. Vipande tulivyovitoa, na katani yake ndani, tumevihifadhi gerejini kwa ajili hiyo.