Uzoefu wangu na kamusi ya visawe ya kwenye simu: nimeipima kwa trudge, plod, slog na ndugu zao

Niseme mapema kabisa, hii programu naipenda na nimeitumia muda mrefu, kwa hiyo siisemei kwa kuiona juujuu. Ni kamusi ya visawe ya Kiingereza, yaani ya maneno yenye maana zinazokaribiana, ile aina inayotengenezwa kwa ajili ya watu wanaojifunza lugha, na hilo ndo jambo la kwanza la kuangalia kabla hujalipia kitu chochote cha namna hii. Jina lake siliweki maana nina malalamiko pia na sitaki igeuke ugomvi, ila ninayosema hapa yatakusaidia kupima kamusi yoyote ya aina hiyo utakayoshika.

Mi naandika hadithi kwa Kiingereza na pia napitia kazi za wengine wanaoandika, na kundi la maneno linalonipa kazi kuliko yote ni yale ya kutembea umechoka. Yaani Kiingereza hapo kimejaliwa: trudge, plod, slog, traipse, tramp, trek, schlep, shuffle, shamble, hobble, stagger, na bado. Ukifungua kamusi ya kawaida ya Kiingereza kwa Kiswahili mara nyingi unapewa kitu kimoja kwa yote, tembea kwa shida au enda kwa kuchoka, basi umeachwa hapo. Sasa mtu atachaguaje? Anachagua lile lenye sauti nzuri, na sentensi inaharibika bila yeye kujua imeharibika wapi.

Kamusi kongwe ya visawe ya Kiingereza, ile ya Peter Mark Roget, daktari Mwingereza aliyeitoa 1852, imepanga maneno kwa makundi ya mawazo na haikuweka maelezo ya maana hata kidogo, kwa sababu ilidhaniwa msomaji anayajua maneno tayari na anatafuta tu lililomtoka kichwani. Kwa aliyezaliwa na lugha hiyo sawa kabisa. Kwa sisi ambao Kiingereza tumekikuta shuleni, orodha tupu ni hatari, maana inakuambia maneno haya ni ndugu bila kukuambia nani ni mkali, nani ni mpole na nani hafai kupelekwa mbele za watu. Hapo ndo programu hii inaposaidia, kila neno lina maelezo mafupi kwa Kiingereza chepesi (utaratibu uliopata umaarufu kwa kamusi ya Longman ya 1978, maana zote zinaelezwa kwa maneno ya kawaida kama 2,000 hivi), lina mifano ya sentensi, lina alama ya kuonyesha kama ni la mazungumzo au la kiofisi, afu chini kuna sehemu ya kulinganisha maneno mawili mawili. Hiyo sehemu ya kulinganisha ndo pesa yako inakoenda, mengine ni nyongeza.

Chukua trudge na plod. Nimeona watu wengi wanayabadilisha kama vile ni kitu kimoja. Programu inasema, kwa ufupi wangu, kwamba trudge ni kutembea polepole kwa hatua nzito kwa sababu umechoka au kwa sababu ardhi inakushika, theluji, matope, mchanga, mlima, na unaendelea kwa sababu huna njia nyingine. Mguu unanyanyuliwa kwa nguvu. Moyo hauko. Plod nayo ni polepole na nzito vilevile lakini kilicho ndani yake ni ule mwendo usiobadilika, hatua baada ya hatua, hana haraka na wala hasimami, na huyo mtu anaweza hata asiwe amechoka kivile, anaweza kuwa mvumilivu tu au ni mtu wa mwendo huo siku zote. Ndo maana ng'ombe anayevuta jembe anaitwa anaplod, na mwanafunzi asiye na kipaji kikubwa lakini hakosi hata kipindi kimoja anaitwa plodder, na hapo kuna sifa kidogo na dharau kidogo kwa pamoja. Huwezi kumwita trudger ukapata maana hiyo. Sentensi kama she trudged home nasikia mtu anajikokota kurudi kwake, siku imemshinda. He plodded home, huyo namuona anakwenda taratibu tu, atafika, wala simuonei huruma sana. Kwa mwandishi hiyo tofauti ni kubwa mno, ni tofauti ya msomaji kumhurumia mhusika au kutomhurumia, na kamusi iliyoweza kunionyesha hivyo kwa mistari michache naiheshimu.

Slog wameieleza vizuri pia. Hili neno mwanzoni lilikuwa la kupiga kwa nguvu, na kwenye kriketi bado slog ni kuupiga mpira kwa nguvu zote bila ufundi, maana ya kutembea ikaja baadaye ndani ya karne ya 19. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini slog haikai na mtu anayetembea kwa unyonge kwenye barabara nzuri. Lazima kuwe na kitu unachopambana nacho. Tope, kichaka, mteremko mkali, au hata ripoti ndefu, maana watu husema wanaslog through kurasa, na ukisema it was a hard slog hujataja mguu wala njia na bado mtu ameelewa ulivuja jasho. Trudge ina huzuni ndani yake, slog ina mapambano.

Sasa kwenye traipse hapo ndo malalamiko yangu yanaanza. Maelezo yao yanasema kutembea mahali pengi au mbali ukiwa umechoka au hutaki. Sio uongo lakini wameacha kilicho muhimu. Traipse ni neno la kulalamika. Mtu akisema I've been traipsing round offices all day hakupi taarifa ya mwendo wake, anakwambia amezungushwa, ametumwa huku na kule bila faida na anataka umuelewe. Na msimulizi akisema they traipsed in through the kitchen unasikia kabisa hakufurahishwa na hao walioingia, pengine na viatu vyao vichafu pia. Kwa hiyo neno linabeba maoni ya msemaji kuliko uchovu wa mtembeaji, na mtu akiliweka kwenye taarifa ya habari kuhusu wakimbizi waliotembea usiku kucha atakuwa amewakosea adabu watu wale bila kukusudia. Kitu kama hicho kilistahili onyo la rangi nyekundu, sio mstari mmoja uliopauka.

Tramp nayo wameipitia haraka. Ni hatua nzito zenye kishindo, safari ndefu, uchovu unaweza kuwepo au usiwepo, lakini kama jina tramp ni mtu asiye na makazi anayezurura, na Marekani ni tusi kwa mwanamke, kwa hiyo mwanafunzi anayependa kugeuza kitenzi kuwa jina anahitaji kuambiwa mapema. Hawajasema.

Walichofanya vizuri sana ni yale maneno ya kuazima. Trek wametaja kwamba limetoka kwenye Kiafrikaans, safari za magari ya kukokotwa na maksai, ile ya Makaburu kuondoka koloni la Cape, Afrika Kusini, kwenye miaka ya 1830 ikiwa ndo inayojulikana zaidi, na ndo maana trek linapima umbali na ugumu wa safari nzima, haliangalii mguu unavyotua. Unaweza kutrek kwa raha zako milimani na mkoba mgongoni. Schlep limetoka Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, maana yake ya asili ni kuburuta, likaingia kwenye Kiingereza cha Marekani, na mara nyingi kuna mzigo unaobebwa pamoja na manung'uniko. Wameliwekea alama ya mazungumzo tu, sahihi kabisa, usilipeleke kwenye barua ya kazi.

Shuffle, mguu haunyanyuki vizuri, ndo mzee anayejikongoja au mgonjwa mwenye ndara. Shamble ni kama hiyo ila mwili mzima umelegea hauna mpangilio. Hobble na limp tatizo ni mguu wenyewe unauma, kuchechemea huko, uchovu sio lazima. Stagger ni kupepesuka, karibu kuanguka, na sababu inaweza kuwa uchovu, jeraha, pombe au mzigo uliozidi. Na lumber wameiweka humu sijui kwa nini, maana lumber ni mwili mkubwa unaokwenda kwa uzito, dubu analumber asubuhi akiwa ameshiba usingizi, hajachoka popote.

Kuna jambo moja ambalo nadhani watengenezaji wa kamusi hizi hawalifikirii kwa sababu kwao ni la kawaida mno. Kiingereza kinapenda kubana namna ya mwendo ndani ya kitenzi na uelekeo kinawaachia vineno vidogo, up, across, back, into. Mtaalamu wa isimu Leonard Talmy ameandika sana kuhusu lugha zinavyogawanyika kwenye hili. Sisi Kiswahili kitenzi chetu kinabeba uelekeo, alipanda, alivuka, alirudi, aliingia, afu namna tunaiongeza pembeni, akijikokota, akiburuta miguu, huku anapepesuka. Kwa hiyo mtu anayefikiri kwa Kiswahili anaandika she climbed the hill trudging, sentensi inaeleweka ila inasikika imeazimwa, wakati wenyewe wanasema she trudged up the hill na kupanda kote kumo ndani ya up. Programu ina mifano ya namna hiyo lakini imetawanyika, haijakusanywa mahali pamoja kuonyesha kwamba plod inapenda along na on, slog inapenda through, traipse inapenda round, stagger inapenda out of na into. Ningepewa ukurasa mmoja tu wa hivyo vineno, kamusi hii ingekuwa imekamilika kwangu.

Matamshi yana sauti za watu halisi na yanasikika vizuri, jambo la maana kwa neno kama traipse ambalo herufi zake zinakudanganya, ni silabi moja tu. Tahajia za wakati uliopita zimeonyeshwa pia, plodded, slogged, schlepped, zote zinarudia konsonanti, wakati trudged haina shida hiyo.

Kama unatafuta tu maana ya neno ulilokutana nalo, usinunue, kamusi za bure kwenye intaneti zinatosha. Kama unaandika, unafundisha au unatafsiri, chukua, na mfano wowote utakaopenda uandike kwenye daftari lako pamoja na kineno kinachofuata kitenzi. Bila intaneti sauti hazifanyi kazi hadi uzidaunilodi kwanza kwenye mipangilio ya programu, na faili lenyewe ni kubwa, kwa hiyo fanya ukiwa na waifai.