Kabla ya Bei, Uliza Maji: Vikombe, Sodo za Kufua na Chupi za Hedhi kwa Mkaazi wa Mombasa

Ukiingia duka la dawa kutafuta kitu badala ya pedi za kawaida utaulizwa saizi, kisha bajeti. Hutaulizwa kwako kunatoka maji gani, na hapa Mombasa hilo ndilo swali la kwanza. Maji matamu yetu hutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na hayafiki kila mtaa kila siku. Pengo huzibwa na kisima cha chumvi cha uani na mitungi ya lita 20 ya mkokoteni. Sodo inayosifiwa na mtu mwenye mfereji usiokauka yaweza kumchosha mkaazi wa Kisauni au Likoni kwa miezi miwili, na sodo yenyewe isiwe na kasoro yoyote. Kwa hivyo vitu vinne vilivyomo humu vimepimwa kwa mambo matatu: maji, joto, na mahali pa kuanika.

Kwanza tuitendee haki pedi ya kawaida. Juu ina utando wenye vitundu, mara nyingi wa plastiki; katikati rojo la mti lililochanganywa na chembe zinazogeuka jeli zikilowa; chini plastiki tena. Yafyonza vizuri. Tatizo ni kwamba hewa haipiti, na kwenye jasho la Pwani plastiki ikisuguana na paja tangu Ferry hadi Kongowea huleta vipele na michubuko. Manukato huongeza muwasho. Mwaka 2019 wanawake wengi wa Kenya walijazana Twitter kulalamikia vipele na kuchomeka. Hata hivyo, pedi isiyo na manukato ikibadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6 haiwadhuru wengi. Inayoumiza ni ile inayovaliwa kutwa nzima ili pakiti ifike mwisho wa hedhi. Serikali iliondoa VAT kwenye pedi tangu 2004, lakini hesabu bado ni nzito: pedi 20 kwa mwezi ni 240 kwa mwaka, yaani pakiti 30 za vipande 8.

Kikombe

Kikombe cha hedhi ni kikombe kidogo kinachokunjika, huvaliwa ukeni kukinga damu, kisha humwagwa na kuvaliwa tena. Kwa mji wenye shida ya maji ndicho kinachoshinda, na kwa mbali. Damu ya hedhi nzima kwa wanawake wengi ni kama mililita 30 hadi 40. Ikipita 80 huhesabiwa kuwa nyingi kupita kiasi. Vikombe vingi hushika mililita 20 hadi 30 kwa mara moja. Ndiyo maana wengi humwaga asubuhi na usiku tu, bila kupitisha muda wa saa 12. Maji ya kukisuuza hayajazi hata chupa ya nusu lita. Kikiwa cha silikoni ya kitabibu hudumu hadi miaka 10. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa na The Lancet Public Health mwaka 2019, yaliyohusu wanawake na wasichana wapatao 3,300, yalionyesha kuwa uvujaji wake ni sawa au mdogo kuliko wa pedi na tamponi.

Kuna jambo ambalo maelezo ya ndani ya boksi hayalisemi kwa kuwa hayakuandikwa na mtu wa Pwani: vyoo vyetu vinakifaa. Kuchuchumaa hushusha kikombe karibu na vidole, na kopo la maji au bomba la kujitawazia liko mkononi tayari. Kwenye choo cha shimo tu ndipo pa kuwa mwangalifu. Kishike kitako kwa vidole viwili hadi kitoke chote, usikitoe kwa haraka.

Kabla ya kununua, pima kimo cha mlango wa kizazi siku mojawapo ya hedhi. Nawa, ingiza kidole cha shahada. Ukigusa kitu kigumu kama ncha ya pua kabla kidole hakijazama nusu, tafuta kikombe kifupi, maana kirefu kitatokeza nje. Saizi kubwa kwa kawaida hupewa waliozaa kwa njia ya kawaida au wenye damu nyingi. Ugumu wa silikoni una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kigumu hufunguka kwa urahisi lakini hubana kibofu, ukajikuta unakwenda haja ndogo kila mara au mkojo unasita. Laini hakibani, ila huenda kisifunguke vizuri.

Kuvaa: nawa mikono kwa sabuni, lowesha kikombe kwa maji safi, bonyeza ukingo mmoja uzame ndani hadi mdomo uwe mwembamba. Kielekeze nyuma kwenye kifandugu, si juu moja kwa moja. Hapo ndipo wengi wanapokosea na kuumia. Kikishaingia kiachie, kisha zungusha kidole kwenye kitako. Kikiwa duara, kimefunguka. Ukigusa mkunjo, kishike kitako ukizungushe kidogo.

Kikivuja kikiwa nusu tupu, sababu mara nyingi ni hiyo ya kutofunguka, au kimekaa kando ya mlango wa kizazi badala ya chini yake. Kikivuja kikiwa kimejaa, ongeza mara za kumwaga siku ya pili na ya tatu. Mkia, yaani kile kijiti cha chini ya kitako, ukichoma, ukate milimita 2 au 3 kwa mara moja, kikombe kikiwa nje. Kikigoma kutoka usivute mkia. Chuchumaa, sukuma chini kama mtu anayetaka haja kubwa, fikia kitako, kibonyeze hadi hewa iingie, ndipo ukishushe ukikiinamisha upande mmoja. Wengi huhitaji hedhi mbili au tatu kuzoea, kwa hivyo vaa na sodo nyembamba kwanza.

Chemsha dakika 5 mwanzo na mwisho wa kila hedhi, kwa maji matamu. Maji ya kisima huacha ukoko mweupe wa chokaa kwenye silikoni na kuziba vile vitundu vidogo chini ya ukingo. Ukoko hutoka ukisugua kwa maji ya ndimu kisha ukasuuza sana. Vitundu vizibuliwe hivi: jaza kikombe maji, funika mdomo kwa kiganja, bonyeza, maji yaruke kupitia vitunduni. Jikoni usiondoke. Maji yakikauka na silikoni ikashika kitako cha sufuria, kikombe kimekwisha. Kukiweka ndani ya chujio la chuma husaidia. Kihifadhiwe kwenye mfuko wa pamba, si kwenye mkebe uliofungwa, kwa sababu hewa yetu ina unyevu na kitashika harufu.

Si cha kila mtu. Mwenye koili, kile kifaa cha uzazi wa mpango kinachowekwa ndani ya kizazi, azungumze kwanza na muuguzi, kwa kuwa kukivuta kikombe bila kuachisha mshiko wake kunaweza kuing'oa koili. Damu ya nifasi si ya kikombe. Ngoja mpaka uchunguzi wa wiki ya 6. Aliyekeketwa na kushonwa asijaribu bila kuonwa na mhudumu wa afya. Kuhusu mabinti, suala la bikira litazuka tu na si la kudharauliwa: kikombe chaweza kunyoosha au kuchana utando. Familia inayolijali hilo itapata utulivu kwenye sodo za kufua, na hakuna haja ya kubishana. Mshtuko wa sumu ya bakteria ni nadra sana, lakini dalili zake zijulikane: homa ya ghafla ya nyuzi 38.9 au zaidi, kutapika, kizunguzungu, ngozi kuwa nyekundu kama iliyochomwa na jua. Hapo kikombe hutolewa na mtu hukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Vikombe vya bei ya kutupa vinavyouzwa mtandaoni bila jina la mtengenezaji tunavikataa. Kikinuka plastiki baada ya kuchemshwa, kikinata au kikibadilika umbo, hicho si cha kuingia mwilini.

Sodo za kufua

Kwa starehe ya ngozi hazina mpinzani. Tabaka la juu la pamba hupumua, na vipele vya joto hupungua. Nzuri ina matabaka matatu: flaneli ya pamba juu, kiini cha taulo au flaneli tabaka 4 hadi 6, na chini kitambaa chenye utando wa poliyurethani kinachozuia maji lakini hakichemki kama plastiki tupu. Pima dukani ukiruhusiwa: mwaga vijiko viwili vikubwa vya maji, ambavyo ni kama mililita 30, polepole. Yakibingirika juu na kuteleza pembeni, kitambaa hicho kina nailoni nyingi au bado kina dawa ya kiwandani. Kisha bonyeza kwa kiganja juu ya karatasi. Karatasi ikilowa, pita.

Udhaifu wake ni maji yetu. Ya kisima yana chumvi na madini, sabuni ya mche haitoi povu bali huacha utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Baada ya mizunguko michache sodo huwa ngumu, haifyonzi, huchubua. Chumvi iliyobaki nayo huvuta unyevu hewani, na sodo uliyoianika ikakauka hurudi kuwa na unyevunyevu kabatini. Si lazima kufua kote kwa maji ya kununua. Loweka na ufue kwa maji ya kisima, kwa sabuni ya unga, ambayo huvumilia maji magumu kuliko mche. Kisha suuza mara mbili za mwisho kwa maji matamu. Vipande vitatu vyaweza kumalizwa kwa lita 5 za maji matamu ukiwa mwangalifu.

Loweka kwa maji baridi, dakika 30 hadi saa chache. Maji moto hugandisha damu kwenye pamba, na doa halitoki tena. Usilaze usiku kucha bila kubadilisha maji. Kwa joto hili yatanuka. Jiki huua utando wa chini, na pasi pia. Dawa ya kulainisha nguo hufunika nyuzi zisifyonze, na wauzaji wengi hawalisemi hili.

Kuanika ndiko kunakoamua idadi. Wakati wa kaskazi sodo hukauka alasiri moja, na vipande 6 hadi 8 vinatosha. Masika huenda siku mbili nzima, basi hesabu 10 au 12. Haya ya majirani hufanya wengi waanike chini ya kitanda au ndani ya shati zito, na hapo ndipo harufu ya ukungu na muwasho vinapoanzia. Anika kwenye kamba ya juani, upande wa kiini ukitazama jua, ukipenda utandike leso nyepesi moja juu yake. Kipande ambacho hakijakauka kabisa kisivaliwe.

Anayeweza kumpata fundi mzuri atashona kwa bei nafuu kuliko za boksi. Vitambaa vya pamba viko Biashara Street. Vifue kabla ya kukata kwa sababu pamba hunywea. Urefu wa mchana sentimita 22 hadi 24, wa usiku 28 hadi 30, upana ukifungwa sentimita 6 au 7. Mkatalie fundi anayetaka kutia mfuko wa plastiki katikati. Huchanika, hulia unapotembea, na hurudisha lile joto unalolikimbia. Vifungo viwe vya plastiki. Vya chuma hushika kutu kwa chumvi na kuacha doa la kahawia kwenye kila chupi uliyonayo.

Chupi za hedhi

Hizi ni nzuri usiku, siku za mwisho, na kama kinga ya ziada ya kikombe. Kuzitegemea peke yake Mombasa ni gharama: zinakauka polepole kuliko sodo kwa sababu kiini kimeshonewa ndani, na nyingi zina nailoni inayochoma mchana. Chagua yenye pamba inayogusa ngozi, na kiini kinachofika nyuma hadi kiunoni kama ni ya kulalia. Kuhusu usalama, Thinx ya Marekani ilikubali kumaliza kesi mwaka 2023 baada ya kudaiwa kwamba chupi zake zilikuwa na PFAS, kemikali zinazotumika kuzuia maji na madoa kwenye vitambaa, madai ambayo kampuni iliyakana. Tokea hapo baadhi ya watengenezaji huandika wazi kwamba hawatumii PFAS. Asiyeandika, mwulize. Tunaziepuka pia zinazojisifu kwa madini ya fedha (silver) ya kuua vijidudu; chupi iliyofuliwa na kukauka juani haihitaji madini.

Pedi za pamba za kutupa

Hizi ni za safari na za nyumba zisizo na maji kabisa. Hazitoi ule ukavu wa pedi yenye jeli, zinahisi kulowa mapema, na zibadilishwe kila saa 4. Neno pamba kwenye pakiti halitoshi, maana baadhi huandika "kama pamba". Kata kipande cha tabaka la juu ukiwashe kiberiti juu ya sinki: pamba huwaka na kuacha majivu mepesi, plastiki huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Kiini nacho kitie maji. Kikigeuka jeli, umelipia pedi ileile ya zamani kwa bei ya juu. Iliyotumika ifungwe kwenye karatasi na iende kwenye taka, isitupwe chooni, kwa kuwa hata ya pamba huziba bomba na kujaza shimo.